Jaji wa Marekani alipata wapi nguvu ya kumzuia rais?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Historia na Uraia katika sekondari moja hapa Kahama. Kwenye taarifa ya habari nasikia mara kwa mara kwamba jaji fulani wa Marekani amesimamisha amri ya rais. Nikaitafuta Katiba yao, nikaisoma yote kwa jioni mbili. Sikuona popote palipoandikwa kwamba jaji anaweza kufuta sheria au kuzuia amri ya rais. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Na rais aliye na jeshi zima mkononi anatii kwa nini? Wanafunzi wameniuliza, nikakosa la kuwaambia.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hukusoma vibaya wala hukuruka ukurasa. Sentensi unayoitafuta haimo. Nimefundisha sheria ya katiba kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi hunijia wakiamini kabisa kuwa imo, kwa sababu hawajawahi kukaa na maandishi yenyewe kama ulivyokaa wewe.

Nguvu hiyo ilipatikana kwa hoja. Mwaka 1803 Jaji Mkuu John Marshall alichukua mambo yaliyoandikwa sehemu mbalimbali za Katiba, akayaunganisha, akafika mahali ambapo waandishi wake hawakupaandika. Swali lako la pili, la kutii, ndilo gumu zaidi, na nitalirudia baada ya kukueleza alivyofika huko.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Katiba hii, majimbo 13 yalikuwa yamefungwa pamoja kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 1781. Serikali ya pamoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ilipotaka fedha iliyaomba majimbo, na majimbo yakatoa kama watu wanavyotoa mchango wa harusi: ahadi nyingi, fedha kidogo. Kubadili neno lolote kwenye mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Mwaka 1786 wakulima wenye madeni magharibi mwa Massachusetts walichukua silaha wakafunga mahakama ili mashamba yao yasiuzwe, na serikali ya pamoja haikuwa na senti ya kulipa askari wa kwenda kuwatuliza. Hofu ya mwaka ule ndiyo iliyowasukuma wengi kwenda Philadelphia kiangazi cha 1787. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati tofauti, milango ikiwa imefungwa ili habari zisivuje, na 39 wakatia saini tarehe 17 Septemba.

Walikuwa na hofu mbili zinazovutana. Walitaka serikali yenye nguvu ya kukusanya kodi na kulinda mipaka, lakini walikuwa wametoka vitani na mfalme miaka michache tu nyuma, kwa hiyo serikali yenye nguvu iliwatisha. Suluhisho lao likawa kuigawa nguvu yenyewe. Kwanza waliigawa kati ya serikali ya shirikisho na majimbo. Kisha ile ya shirikisho wakaigawanya kwa mihimili mitatu, na kila mhimili wakaupa mkono ndani ya shughuli za mwingine. Kongresi, yaani bunge lao lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, hutunga sheria, lakini rais anaweza kuipiga kura ya turufu. Na Kongresi ikipata theluthi mbili katika kila bunge, turufu hiyo inakufa. Rais huteua majaji, lakini Seneti ndiyo inayowathibitisha. James Madison alieleza mantiki yake katika makala za kuwashawishi wananchi waikubali Katiba: kama watu wangekuwa malaika, kusingekuwa na haja ya serikali. Kwa kuwa si malaika, tamaa ya mmoja iwekwe kuizuia tamaa ya mwingine.

Sasa angalia jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Katiba ile haikupelekwa kwenye mabunge ya majimbo ili ipitishwe kama sheria nyingine. Ilipelekwa kwenye mikutano maalumu iliyochaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo moja tu. Ndiyo maana inaanza kwa maneno "Sisi wananchi". Uingereza ya wakati ule, Bunge ndilo lililokuwa juu. Hapakuwa na hati nyingine ya kulihukumu. Marekani walibuni ngazi mbili. Katiba ni agizo la mwenye mali, na sheria ya Kongresi ni kazi ya wakala aliyetumwa. Wakala akienda kinyume na alivyotumwa, alichofanya hakimfungi aliyemtuma.

(Na hao "wananchi" waliokusudiwa hawakuwa watu wote. Watumwa walihesabiwa kwa tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, bila kuwa na kura, na viti hivyo vikawanufaisha mabwana zao. Waambie wanafunzi wako jambo hili bila kulipamba. Utaona hapa chini jinsi lilivyoirudia Mahakama yenyewe.)

Rudi sasa kwenye nakala yako. Ibara ya Kwanza, fungu la nane, inaorodhesha kazi za Kongresi moja moja: kodi, biashara na nchi za nje na kati ya majimbo, fedha, posta, vita. Kuwepo kwa orodha kunamaanisha kuwa mipaka ipo. Ibara ya Tatu inasema mamlaka ya utoaji haki yatakuwa mikononi mwa Mahakama moja ya Juu na mahakama za chini ambazo Kongresi itaziunda, na majaji watakaa kazini maadamu wana mwenendo mwema, bila mshahara wao kupunguzwa. Ibara ya Sita inaiita Katiba sheria kuu ya nchi na inawataka majaji waape kuitegemeza. Hizo ndizo mbao. Aliyezipigilia misumari ni Marshall, na nafasi ya kufanya hivyo aliipata kwenye ugomvi mdogo wa karatasi.

Mwaka 1800 Rais John Adams alishindwa uchaguzi na Thomas Jefferson. Kabla hajaondoka, chama chake kilijaza mahakama watu wake. Miongoni mwa walioteuliwa alikuwa William Marbury, aliyepewa uhakimu mdogo wa mji katika eneo la Washington, kazi ya miaka mitano. Seneti ikamthibitisha, Adams akasaini hati yake, muhuri wa taifa ukapigwa. Lililobaki ni kumkabidhi tu. Usiku ukawaishia hati nyingine zikiwa bado ofisini. Tarehe 4 Machi 1801 Jefferson akaapishwa, akazikuta, akaagiza zisipelekwe. Waziri wake wa Mambo ya Nje, aliyezishikilia, alikuwa yule yule Madison wa hoja ya malaika.

Na waziri aliyetangulia, ambaye wizara yake ndiyo iliyopaswa kuzipeleka hati zile, alikuwa nani? John Marshall, ambaye wakati huo alikuwa ameshateuliwa pia kuwa Jaji Mkuu. Kosa la ofisi yake likageuka kesi mbele yake mwenyewe. Leo tungemtaka ajiondoe kwenye shauri hilo siku ya kwanza.

Marbury alifungua shauri moja kwa moja Mahakama ya Juu, akiomba Madison aamriwe kumpa hati yake. Marshall alikuwa pabaya. Angeamuru hati itolewe, Jefferson angepuuza, na Mahakama ingebaki uchi mbele ya nchi nzima. Angesema Marbury hana haki, angeonekana amemwogopa rais. Kumbuka Mahakama ile haikuwa na fahari ya leo. Ilikuwa ikifanya kazi katika chumba kidogo cha chini kwenye jengo la Kongresi (jengo lake yenyewe ilikuja kulipata mwaka 1935), na Kongresi mpya ilikuwa imefuta vikao vyake kwa sheria kiasi kwamba majaji hawakukutana tangu Desemba 1801 hadi Februari 1803.

Hukumu ilitoka tarehe 24 Februari 1803. Marshall alisema Marbury ana haki ya hati yake, kwa sababu uteuzi ulikamilika saini na muhuri vilipowekwa. Akasema pia nchi inayofuata sheria lazima iwe na njia ya kumpatia mtu haki yake. Kisha akauliza swali la tatu: je, alikuja mlango sahihi? Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789, kifungu cha 13, kwa jinsi Marshall alivyoisoma, iliiruhusu Mahakama ya Juu kupokea moja kwa moja maombi ya kumlazimisha ofisa wa serikali atimize wajibu wake. Lakini Ibara ya Tatu inasema mashauri yanayoanzia Mahakama ya Juu ni yale yanayowahusu mabalozi na wajumbe wa nchi za nje, au ambayo jimbo ni mdaawa. Mengine yote hufika pale kwa rufaa. Marbury hakuwa balozi wala jimbo. Basi sheria na Katiba zinagongana, na jaji aliyeapa kuitii Katiba afuate ipi? Akijibu kuwa anafuata sheria, maana yake Kongresi inaweza kuibadili Katiba kwa kura ya kawaida, na kazi yote ya Philadelphia ilikuwa bure. Kwa hiyo kifungu cha 13 ni batili, na kusema sheria ni ipi ni kazi na wajibu wa mahakama.

Marbury akakosa hati, na hakuipata hadi kifo chake. Jefferson alishinda kesi, hakuwa na amri yoyote ya kukaidi. Mahakama nayo, kwa kujinyima uwezo mdogo wa kusikiliza maombi ya aina moja, ikajipatia uwezo mkubwa kuliko wote. Mimi husoma hukumu ile kila mwaka na bado naona ni kazi ya mtu aliyejua ni wapi pa kusukuma na wapi pa kuacha. Kama sheria, ina nyufa: kifungu cha 13 kingeweza kusomwa kwa namna isiyogongana na Katiba kabisa, na wapo wanasheria wazuri tangu zama zile wanaosema hivyo. Lakini imesimama.

Tofauti na kwetu ni kwamba walioandika katiba baadaye hawakuliacha jambo hili kwa jaji mwerevu. Ukifungua Katiba ya Tanzania, Ibara ya 64(5) inasema wazi kuwa sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachokiuka. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 165, inaikabidhi Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama sheria inapingana na Katiba. Hapa kwetu wakili anataja kifungu. Kule wanataja Marbury.

Nguvu iliyopatikana namna hiyo inaweza kutumika vibaya pia. Baada ya 1803 Mahakama ya Juu haikufuta sheria nyingine ya Kongresi hadi mwaka 1857, na ilipofanya hivyo ilikuwa kwenye shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa aliishi katika maeneo yasiyoruhusu utumwa. Jaji Mkuu Roger Taney alisema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Kongresi haikuwa na mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Silaha ile ile ya Marbury, mikononi mwa watu wengine, iligeuka mnyororo shingoni mwa mamilioni. Miaka minne baadaye nchi ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Hukumu ya Taney ilifutwa kwa damu, kisha kwa maandishi: Marekebisho ya 13 ya mwaka 1865 yalipiga marufuku utumwa, na ya 14 ya mwaka 1868 yakasema kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia. Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza, "Mahakama ikikosea, nani wa juu yake?", jibu limo katika Ibara ya Tano. Theluthi mbili ya kila bunge la Kongresi ikipendekeza na robo tatu ya majimbo yakiridhia, neno la Mahakama linaanguka. Ni mlima mrefu. Tangu 1791 marekebisho yote yaliyopita ni 27.

Hadi hapa nimezungumzia sheria za Kongresi. Swali lako ni la amri ya rais, na kesi ya kulielewa vizuri ni ya mwaka 1952. Marekani ilikuwa vitani Korea. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma walitangaza mgomo, na Rais Harry Truman akaona bila chuma askari watakosa silaha. Tarehe 8 Aprili akaamuru serikali ivitwae viwanda vile. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu, majaji sita dhidi ya watatu, ikasema amri hiyo haina nguvu. Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na Truman mwenyewe au na Roosevelt wa chama chake. Tom Clark, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Truman na kuteuliwa naye kuwa jaji, alipiga kura dhidi yake. Truman alichukia sana, lakini siku ile ile viwanda vikarudishwa.

Jaji Hugo Black alisema mamlaka ya rais ya kutoa amri lazima yatoke kwenye Katiba au kwenye sheria ya Kongresi. Hayapo ya angani. Jaji Robert Jackson akaongeza kipimo kinachotumika hadi leo, na hiki wape wanafunzi wako, kitawasaidia kuelewa kila habari ya namna hii. Rais akifanya jambo ambalo Kongresi imemruhusu, yuko kwenye kilele cha nguvu zake. Kongresi ikiwa kimya, yuko kwenye utusitusi, anaona na haoni. Akifanya kinyume na ilichotaka Kongresi, amebaki na mamlaka yale machache tu ambayo Katiba imempa yeye peke yake. Sasa ukisikia amri imezuiwa, jiulize kwanza: Kongresi ilisema nini kuhusu jambo hilo? Mara nyingi jibu utalipata hapo. Mwaka 2023 mpango wa Rais Biden wa kufuta madeni ya wanafunzi ulikwama hapo hapo: Mahakama ilisema sheria aliyoitegemea haikumpa uwezo huo.

Jaji naye haamki asubuhi akaamua kumzuia rais. Mahakama za shirikisho husikiliza mgogoro wa kweli kati ya watu halisi, na mdai lazima aonyeshe ameumizwa. Mwaka 1793 Rais Washington aliwaomba majaji wa Mahakama ya Juu ushauri wa kisheria tu, wakakataa: hakuna kesi, hakuna jibu. Mwaka 2017, Rais Trump alipozuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia na Sudan zikiwemo, majimbo ya Washington na Minnesota yalidai vyuo na wakazi wake wameumia. Jaji James Robart wa Seattle, aliyeteuliwa na Rais Bush wa chama cha Trump mwenyewe, akaisimamisha amri hiyo nchi nzima tarehe 3 Februari. Serikali ikaiandika upya, na toleo la tatu likapita Mahakama ya Juu mwaka 2018 kwa kura tano dhidi ya nne. Zuio la jaji mmoja, basi, mara nyingi ni la muda, kesi ikisubiri ngazi za juu. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu ilibana zaidi: majaji wa chini kwa kawaida watoe zuio linalowalinda waliofungua kesi, si nchi nzima, ingawa watu wengi wakishtaki kwa pamoja kama kundi mlango huo bado upo. Kesi hiyo ilitokana na amri iliyohusu uraia wa kuzaliwa, yaani sentensi ile ile ya 1868 iliyoandikwa kumfuta Taney.

Sasa jeshi. Alexander Hamilton aliandika kwamba mahakama haina upanga wala mfuko wa fedha. Ina uamuzi tu. Lakini hata rais hamiliki jeshi peke yake. Ibara ya Kwanza inaipa Kongresi kazi ya kutangaza vita na kuunda jeshi, na inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kutengwa kwa zaidi ya miaka miwili. Kila baada ya muda mfupi rais lazima arudi kuomba. Afisa wa jeshi anaapa kuilinda Katiba. Rais hatajwi kwenye kiapo hicho. Na rais mwenyewe anaweza kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kuondolewa na Seneti. Julai 1974 Mahakama ilimwamuru Richard Nixon atoe kanda za mazungumzo yake ya ofisini, kwa kura nane bila pingamizi, watatu kati ya hao wanane wakiwa wateule wake. Alizitoa, na siku 16 baada ya hukumu akajiuzulu, kwa sababu wabunge wa chama chake walikuwa wameshamwambia kura za kumlinda hazipo.

Sitakudanganya kwamba kutii kumekuwa kwa siku zote. Mwaka 1832 Mahakama ilisema jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya ardhi ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili. Georgia ikapuuza, Rais Andrew Jackson hakuinua mkono, na mwaka 1838 Wacherokee wakatolewa kwa nguvu kwenye nchi yao, maelfu wakafia njiani. Hukumu ilikuwa sahihi na haikuwasaidia kitu. Mwaka 1957 mambo yalikwenda upande wa pili. Wanafunzi tisa weusi wa Little Rock, Arkansas, walipozuiwa mlangoni na askari wa gavana wasiingie shule iliyokuwa ya weupe, Rais Eisenhower, ambaye hakuwa shabiki wa hukumu ya 1954 iliyofuta ubaguzi mashuleni, alituma askari wa miamvuli wawasindikize hadi darasani. Maneno yale yale ya karatasi, marais wawili, historia mbili tofauti.

Kwa darasa lako, nisingeanza na jina la Marshall. Andika ubaoni sentensi mbili: kifungu cha 13 kinavyosema kuhusu maombi ya kumlazimisha ofisa wa serikali, na chini yake Ibara ya Tatu inavyosema kuhusu mashauri yanayoanzia Mahakama ya Juu. Waeleze habari ya Marbury na hati yake iliyobaki ofisini. Wagawe makundi matano, kila kundi liandike hukumu ya nusu ukurasa, na waambie kabisa kwamba rais mpya hawapendi majaji na Kongresi imeshawahi kuwafungia mahakama. Wakishasoma zao kwa sauti, ndipo uwasomee hukumu ya Marshall.